Matabaka Manne Niliyoyatunga

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Mkolani hapa Mwanza na nafundisha jiografia sekondari. Watu hudhani nilikosa kazi ya miamba niliyoisomea. Hapana! Niliikimbia... Leo nawaeleza sababu, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Tulipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye korongo moja upande wa Magu, si mbali na ziwa. Kingo zake ni mawe ya chokaa yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna visukuku: konokono na mifupa ya samaki wa zamani mno, vyote vimegeuka mawe. Kazi yetu ilikuwa kupima unene wa kila tabaka na kuchora kilichomo.

Mwenzangu alikuwa Leokadia, Mhaya wa Muleba, tuliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Yeye alipima juu, mimi chini.

Jua lilikuwa kali. Matabaka manne ya mwisho yalikuwa huko chini kwenye matope. Nikakaa kivulini, nikaandika vipimo vya kubuni! Nikachora hata konokono ambao sikuwaona... Nani angejua?

Mwalimu alipokagua madaftari, alisema namba zangu haziendani na za wenzetu waliopima ukingo wa ng'ambo ya korongo. Leokadia akanigeukia.

"Dada, ulipima kweli?"

Nikaapa kwa Mungu kwamba nilipima.

"Basi waliokosea ni wao," akasema. "Nitawathibitishia."

Usiku ule mvua ikanyesha hadi alfajiri. Mwalimu akatukataza kushuka korongoni mpaka kingo zikauke. Nilikuwa nakunywa chai nilipomwona Leokadia akipita na futi na nyundo yake. Nilijua anakwenda wapi! Nilitakiwa kusema neno moja tu: nilidanganya. Sikusema... Niliona aibu.

Ukingo ulimporomokea.

Tulifukua kwa majembe ya wanakijiji, tukafukua kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Kila mtu aliuliza alifuata nini kule. Nikasema sijui. Msibani mama yake alinikumbatia, akasema mimi ndiye binti aliyembakia. Miaka saba alinitumia senene, wale panzi wa kuliwa wa kwao, kila msimu... Niliwagawia majirani! Na kila mvua ikinyesha hapa Mkolani, nasikia nyundo ikigonga jiwe. Ko, ko, ko... Mume wangu huniambia hasikii kitu.

Mwaka jana nikapanda basi hadi Muleba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Miaka yote hii nilijua mwanangu alikufa kwa ukaidi," akasema. "Nimemnunia hata kaburini. Kumbe alikuwa anakutetea wewe!"

Akainuka, akaenda migombani lilipo kaburi. Nilimsikia akimwomba Leokadia msamaha. Mimi hakuniita. Hadi leo hapokei simu yangu, na simlaumu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, hasa ninyi mlio masomoni na kazini: mkishadanganya, kirini mapema, kabla mtu anayewapenda hajaenda kuusimamia uongo wenu! Mimi ningegombezwa tu asubuhi ile, ningelia kidogo mbele ya wenzangu... na Leokadia angekuwa hai.