Kijana Asiyekunywa Maji Yetu

"Mama, usinione mmbea, lakini huyo mkwe wako mtarajiwa mbona hanywi maji hapa kwako?"

Mama Pacha ndiye aliyeniuliza hivyo, jirani yangu wa mlango wa pili. Tulikuwa kisimani, uani kwangu. Pacha wake mmoja alikuwa amemshika gauni, mwingine amelala begani analalamika tumbo, kama kawaida yao siku hizo. Nikacheka.

"Labda hana kiu."

"Kila siku hana kiu? Anatoa chupa yake kwenye begi, anakunywa, anaifunga. Chai yako anaikoroga na kijiko mpaka inapoa. Macho ninayo, mama."

"Wasomi ndivyo walivyo. Wanaogopa vijidudu."

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

Akajitwika ndoo akaenda. Ndoo aliondoka nayo, swali akaniachia mimi.

Huyo kijana mtaa mzima tulimwita Mkemia. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasoma mambo ya kemia, na binti yangu mwaka huohuo anasoma historia. Mwaka ule walimu wao waliamua kwamba wanafunzi wa historia na wa sayansi wafanye utafiti wawili wawili, jambo moja litazamwe kwa macho mawili. Binti yangu akapangwa na Mkemia. Jambo lao lilikuwa karakana ya betri iliyo nyuma ya ukuta wetu, ile wanakoyeyusha betri kuukuu za magari. Binti akusanye kumbukumbu za wajane wa mafundi wa pale. Mkemia apime maji ya visima vyetu aone kama yana madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye betri.

Mume wangu alikuwa fundi pale. Alianza kutetemeka vidole, mwisho nikawa namfunga vifungo vya shati kama mtoto. Mungu alimpumzisha. Sikuwahi kujua ni nini kilichomchukua, na sikuwa na wa kumuuliza.

Utafiti ukazaa mapenzi. Sikushangaa. Kijana alikuwa na adabu, anavua viatu mlangoni, ananiita mama kabla sijamzoea. Akamvisha binti yangu pete ndogo ya fedha. Siku binti aliponirekodi mimi, Mkemia alikuwepo, amekaa kwenye kigoda na chupa yake.

"Leo wewe si mama yangu," binti akaniambia, anaweka kinasa sauti mezani. "Leo wewe ni msimulizi. Unakubali nirekodi?"

"Si nimekaa hapa?"

"Kukaa hakutoshi. Sema kwa mdomo wako. Bila ruhusa iliyosikika, sauti yako siwezi kuitumia popote."

"Nakubali, bibie."

Nikasimulia. Nilipofika kwenye vifungo vya shati nikakwama, nikakohoa, nikanyamaza. Binti hakuzima. Baadaye nikamwona anasikiliza na kuandika.

"Hapa unaandika nini?" Mkemia akamuuliza, anacheka. "Hajasema kitu hapo."

"Naandika: amekohoa, amenyamaza kwa muda."

"Hata kikohozi?"

"Hata kikohozi. Mtu anaweza kusema uongo kwa maneno. Kikohozi kinamponyoka."

"Ndiyo maana napenda chupa zangu. Hazikohoi."

Tulicheka sote. Lakini kicheko cha Mkemia kilikatika kabla ya vyetu, akageuza uso dirishani, kule kisimani.

Baada ya swali la Mama Pacha nikaanza kumwangalia. Nilimpa maji kwa glasi, akayaweka pembeni. Nilimpa uji, akasema ameshiba. Nilimwona anamtazama binti yangu akinywa, macho yake yanafuata glasi mpaka mdomoni, kisha anayainamisha. Nikasali Mungu aniondolee dhana mbaya. Dhana haikuondoka.

Majibu ya maji yakatoka. Alikuja mwenyewe kutuambia, amesimama mlangoni, hata hakukaa.

"Maji ni salama, mama. Visima vyote. Hakuna kitu."

"Tumshukuru Mungu," nikasema.

Binti yangu hakushukuru. "Hakuna kabisa? Wajane wote niliowarekodi wanasimulia jambo moja. Vidole, tumbo, watoto kuchelewa kusema. Pacha wa hapo jirani mpaka leo hawajui kusema zaidi ya mama."

"Mpenzi, hizo ni kumbukumbu za watu wenye uchungu. Mimi nina namba."

"Na namba zako zimetoka wapi?"

"Maabara. Zingetoka wapi?"

Jioni ile binti alinisomea ujumbe aliotumiwa kwenye simu:

"Mpenzi, ile sura ya maji kwenye ripoti yako iondoe. Siku ya Utafiti walimu watakucheka mbele ya ukumbi mzima. Nakulinda tu. Nakupenda kuliko unavyojua."

"Umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwandikia: 'Sura inabaki. Wakicheka, nitaandika kwamba wamecheka.'"

"Jibu kavu hilo kwa mchumba."

"Mama, mbona namwogopa? Nampenda, halafu namwogopa. Akinishika mkono, mkono wake ni baridi."

Nilimwambia asali.

Siku chache baadaye nilikuwa naanika nguo. Mkemia alisimama nje ya geti akiongea na simu, hakujua nipo nyuma ya mashuka.

"Nimeshaweka sawa, mjomba... Hapana, hawezi kujua, yeye ni wa historia... Mjomba, lakini wananikaribisha vizuri mno... Ndiyo. Ndiyo, najua nani alinilea. Haya, mtakuja kujitambulisha, nitawaambia."

Aliingia anatabasamu. "Mama! Wazee wangu watakuja Jumamosi kumposa binti yako."

"Karibuni," nikasema. Mikono yangu ilikuwa kwenye shuka lenye maji, nikalikamua mpaka ikauma.

Jumamosi ile ilikuwa siku moja tu kabla ya Siku ya Utafiti, maana chuo kilipanga wanafunzi wasome kazi zao ukumbini Jumapili mchana. Nikafagia, nikatandika kitambaa cheupe mezani. Binti alitaka kwenda dukani kununua soda.

"Acha," nikamwambia. "Leo tutawapa maji yetu."

"Mama, wageni wa posa?"

"Si yamepimwa? Si salama?"

Alinitazama. Akarudisha kikapu ukutani, taratibu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama yake Mkemia, mama mnene mcheshi, jasho linamtiririka, mwanawe nyuma yake.

"Mwenzangu! Ndiyo nyumba hii? Mwanangu kanisifia mpaka nikaota ninyi nyote! Na huyu ndiye? Jamani, ni mzuri hivi, mwanangu ulimpata kwa dawa gani?"

"Kwa utafiti, mama," Mkemia akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nyuma yao akaingia mjomba. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alipoinua uso nikamjua. Ndiye mwenye ile karakana, mafundi walikuwa wanamwita Bosi wa Betri. Siku tulipomzika mume wangu alisimama mbali, karibu na gari lake, mlango wazi.

"Karibu, Bosi," nikasema.

"Mama, mnafahamiana?" binti akauliza.

"Baba yako alimfanyia kazi mpaka vidole vikagoma."

Binti akageuka, akamtazama Mkemia. "Uliniambia mjomba wako ni mfanyabiashara."

"Si biashara ile?" Mkemia akasema, hakumtazama.

"Nilimwandikia barua ya kuomba kumhoji. Hakujibu. Nilikulilia wewe begani kwa ajili ya hilo."

"Jamani, jamani," Bosi akaingilia, anacheka kwa meno tu. "Marehemu alikuwa mtu mwema sana. Leo tumekuja kwa heri. Ya kale tuyaache."

Nilidhani binti atalipuka. Hakulipuka. Alikwenda kabatini, akarudi na kinasa sauti, akakiweka katikati ya kitambaa cheupe.

"Kweli, mjomba. Tumekuja kwa heri. Basi naomba ruhusa nirekodi mazungumzo haya, yawe kumbukumbu, na yawemo kwenye kazi yangu. Unakubali?"

Mkemia alifungua mdomo. Bosi akamtangulia, kifua mbele:

"Rekodi, mwanangu! Nakubali kabisa. Mimi sina cha kuficha."

"Na wewe, mama?" akamgeukia mama Mkemia.

"Mimi tena? Nakubali, nirekodi hata nikipiga vigelegele!"

"Na wewe, mpenzi?"

Mkemia alitazama ile taa nyekundu ya kinasa. "Nakubali," akasema.

Nikaleta jagi. Maji yalikuwa yametoka kisimani muda uleule, baridi, yamelifanya jagi litoe jasho. Nikamimina moja, nikamwekea Bosi. Moja Mkemia. Moja mama yake. Moja yangu. Moja ya binti. Nikakaa, nikashika glasi yangu.

"Mwenzangu Mungu akubariki," mama Mkemia akasema. "Koo limenikauka tangu nishuke kwenye gari."

Akanyoosha mkono.

"Mama, subiri," Mkemia akasema. "Nina maji kwenye begi."

"Maji ya begini ya nini na haya yapo mbele yangu? Yamepata moto hayo."

"Ni safi. Kunywa haya."

"Mwanangu, usinitie aibu ugenini."

Akainua glasi. Mimi nilikuwa nimemtolea macho yule kijana, na Mungu anisamehe, sikusogea. Glasi ilifika midomoni.

"Mama, usinywe!"

Alimpiga mkono. Glasi ikaruka, ikavunjikia sakafuni, maji yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya Bosi.

Bosi akakohoa. Mimi nikasema moyoni, hicho nacho kitaandikwa.

"Kwa nini asinywe?" binti yangu akauliza.

"Kulikuwa na... niliona mdudu."

"Kwa nini mama yako asinywe?"

"Nyamaza!" Bosi akamwambia mpwa wake. "Zima hicho kidude."

"Umekubali kwa sauti yako, mjomba," binti akasema, macho hayajatoka kwa Mkemia. "Nakuuliza wewe. Ulipima nini?"

Mkemia alikaa chini.

"Mara ya kwanza nilipima ya kwenu. Ya kisima hiki. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Yalikuwa mabaya. Mabaya sana. Nikamwambia mjomba kwanza, nikidhani atasafisha karakana."

"Halafu?"

"Akasema wataifunga, watu wote watakosa kazi. Akaniambia nikumbuke nani alinisomesha. Nikajaza chupa maji ya bomba la chuoni. Nikabandika majina ya visima vyenu. Namba nilizopeleka ni za bomba."

Mama yake alikuwa bado amenyoosha vidole, kama amebeba glasi isiyokuwepo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Kabla hata sijamvisha pete."

"Na hawa? Kila ukija, hawa walikuwa wanakunywa nini?"

Kijana akaanza kulia. Akamshika binti yangu mkono. "Nilitaka nikuoe haraka nikuhamishe hapa. Naapa. Ndiyo iliyokuwa mipango yangu. Nilikupenda."

"Mimi ungenihamisha. Mama yangu je?"

"Ningemhamisha pia."

"Na Mama Pacha? Na wale watoto?"

Kijana akauachia mkono wake.

"Ulinipenda," binti yangu akasema polepole, "huku unaniangalia nakunywa."

Akavua pete. Hakumtupia. Aliiweka ndani ya glasi ya maji iliyokuwa mbele ya Mkemia, ikazama ikagonga chini. Kinasa sauti kikaunasa mlio wake.

"Chukua ukitaka. Kesho nasimama ukumbini, na sura ya maji imo. Ukitaka kusimama na wewe useme namba za kweli, sikuzuii. Usiposema, sauti yako itasema."

"Msichana, hujui unacheza na nani," Bosi akasema, chini kwa chini. "Nyumba hii iko mgongoni mwa ukuta wangu. Mlalapo, mimi nipo. Mwamkapo, nipo."

"Rudia karibu na hapa," binti akamwambia, anakisogeza kinasa. "Nisikie vizuri wakati wa kuandika."

Bosi akafumba mdomo. Lakini macho yake yalizunguka chumba chetu kidogo, dirisha, mlango, dirisha. Nilianza kusali bila kufungua midomo.

Mama Mkemia akainama, akaichukua glasi ya ndugu yake iliyokuwa haijaguswa, akamsogezea kwa mikono miwili.

"Kaka. Kunywa."

"Wewe nawe usiwe mjinga."

"Umesema huna cha kuficha. Kunywa, tumalize tuendelee na posa."

Bosi aligeuza uso ukutani.

Hapo ndipo tukasikia uani kamba ikiteleza, kisha ndoo ikipiga maji kule chini. Mama Pacha huchota wakati kama huo, na siku zote huimba kidogo. Alikuwa anaimba. Mmoja wa pacha alikuwa analia, analitaja lile neno lake moja.

"Unasikia?" binti yangu akamwambia Mkemia. "Anawachotea watoto. Nenda ukamwambie. Wewe, kwa mdomo wako. Anza na huyo."

Mkemia alitazama mlango. Akamtazama mjomba wake. Mjomba alimtikisia kichwa tu, kidogo. Kijana akainamisha macho kwenye ile pete ndani ya glasi, akabaki amekaa.

Kamba ikaanza kupanda.

Mama yake alisimama. Alikanyaga vile vigae vya glasi bila kuvikwepa, akampita ndugu yake, akampita mwanawe pasipo kumgusa. Alifungua mlango wa uani, mwanga ukamwagika ndani, akatoka kumfuata Mama Pacha kisimani.