Shemeji Alisema Jina la Bwana Wangu Haliko

Wasomaji, mimi ni Furaha, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mkulima wa mpunga wa Luberizi, mashariki ya Congo. Nawaandikia kutoka Uvira, nikiwa na mimba ya mtu ambaye siwezi tena kumtazama usoni...

Vita vilipotufikia, mimi na watoto wangu wawili tulikimbilia Uvira kwa Mateso, mdogo wa bwana wangu. Bwana wangu Ruboneka alibaki nyuma kufungulia ng'ombe. Sikumwona tena!

Simu ya Mateso ilikuwa na programu ya kutafutia waliopotea. Unaandika neno lolote, inapekua orodha za makambi yote, ya Congo na ya Burundi, kwa pamoja. Mimi simu kubwa sikuzijua, nikamwomba anitafutie. Kila nilipouliza alitikisa kichwa: "Shemeji, nimetafuta mu makambi yote. Jina lake haliko. Ule muntu alishakufa."

Ningembishia vipi? Nililia, tukafanya matanga bila maiti. Baadaye wazee wa ukoo wakasema Mateso anirithi, watoto wasiteseke. Nikakubali...

Juzi jirani yangu Riziki alikuwa akimtafuta mama yake kwa programu ileile. Nikamwomba aandike jina la binti yangu, Asifiwe, nione tu inavyofanya kazi.

Likatokea! Lilikuwa ndani ya maneno ya bwana wangu, kwenye orodha ya kambi moja ya Burundi: "Natafuta bibi yangu Furaha na watoto Asifiwe na Baraka." Chini yake, namba ya simu.

Riziki alinipigia namba ile. Akapokea mwanaume, jirani wa hema wa bwana wangu, mwenye simu hiyo.

"Weye ni Furaha?" Nikaitikia. "Lakini mudogo wake alitupigia, akasema weye na watoto mulikufa wote! Ruboneka alivuka mto Ruzizi kuja Congo kuona makaburi yenu. Hakurudia tena."

Ee Mungu wangu! Makaburi yetu!

Nilipomuuliza Mateso, hakukana. Alisema tu, "Miye nilikupenda tangu zamani."

Upendo gani huo? Nilichukua watoto nikatoka. Sasa tunalala kwa Riziki, na kila siku tunaandika jina la Ruboneka tena. Hakuna jipya... Asifiwe ananiuliza kama baba alitukasirikia.

Ndugu zangu mliopotelewa, nawasihi, msimwachie mtu awatafutie peke yake! Kaeni ubavuni pake, mwone kwa macho yenu. Kama hamjui kusoma, ombeni watu wawili, watatu. Andikeni jina la mtoto, la kijiji, la mama. Na wewe unayejua mtu yuko wapi, sema! Usimzike anayepumua.