Gari Walilolingoja Kabambare

Soko la Kasongo lilikuwa limejaa watu, na Iliasi, mpiga picha za arusi, alikuwa amewazibia njia wote mbele ya meza ya vitambaa. Alikiweka kigari cha kuchezea cha kijani, kirefu kama kidole, juu ya kila kitambaa cheupe, akainama, akafumba jicho moja kama anayepiga picha. Muuzaji, Hidaya, binti wa Kabambare aliyekaa kwa shangazi yake mjini, alikaza kitenge chake cha manjano kiunoni.

— Baba, kitambaa iko ya mutoto ao ya gari?

— Ya gari. Mutoto sina. Na bibi sina.

— Bibi sikukuuliza.

— Nimekusaidia, usisumbuke kuuliza.

Hidaya alicheka. Aliombwa nusu mita, akakata mita nzima.

Miezi mitatu baadaye alikuwa nyumbani kwa Iliasi, ameshika tochi mkono mmoja na kitambaa kile kile mbele yake, kulainisha mwanga. Dirisha limefungwa, mama mkwe mtarajiwa anachambua maharage mlangoni. Mezani Iliasi alikuwa amemwaga udongo mwekundu uliochekechwa, akapaka magurudumu ya kigari matope kwa kijiti.

— Shusha taa, roho yangu. Ikitoka juu, inaonekana kitu ya kuchezea. Ikitoka pembeni, chini, kila punje ya udongo inatupa kivuli sawa jiwe.

— Mukono inauma.

— Nitaukanda.

— Mama yako anasikia.

— Asikie.

Mama akakohoa. Picha ilitoka kama gari la kweli, limesimama barabarani asubuhi, limechoka safari. Hidaya aliipenda mno, akamtumia mama yake Kabambare bila neno lolote. Mama akamwonyesha kaka yake, mjomba Djafari, ambaye alikuwa amekataa posa ya Iliasi mara mbili. Djafari akapiga simu mwenyewe.

— Hidaya, ule bwana iko na gari?

Sauti ya mjomba ilikuwa imelainika. Hidaya alimpenda Iliasi na aliogopa kumkosa, basi akasema:

— Ndiyo, mujomba.

— Aje nayo. Nitaita watu.

Hakumwambia Iliasi habari ya gari, ila kwamba mjomba anamwita. Alijipa moyo kwamba hao wawili wakishaonana, gari litasahaulika. Jamani, kwa barabara ile mbovu ya Kabambare, nani asahau gari?

Iliasi alifika Kabambare kwa pikipiki, matope mpaka mapajani, kanzu yake nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko. Uani kwa Djafari watu walikuwa wamekalia magunia ya mpunga na karanga, wakingoja lifti ya soko la Kasongo. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba alikuwa amelazwa kwenye mkeka, apelekwe hospitali.

— Gari iko wapi? aliuliza Djafari.

— Gari gani, baba?

Djafari akamwonyesha picha kwenye simu. Iliasi akaitambua kazi yake. Akamtazama Hidaya, aliyetangulia kufika, yuko mlangoni kwa kitenge kipya na hina mikononi, akangoja aseme. Hidaya akatazama chini.

— Ile ni kigari kidogo, baba. Nilipiga foto juu ya meza.

— Umetudanganya. Ule mama ya mguu nitamwambia nini?

Iliasi hakumtaja Hidaya. Alisimama pale anatukanwa mpaka adhana ya adhuhuri, akingoja neno moja kutoka kwake. Halikutoka. Akawasha pikipiki.

Wiki ikapita, Hidaya akapiga simu.

— Nimemwambia mujomba yote. Amesema urudi.

— Sasa ndiyo umesema?

— Nilikuwa na woga. Nilidanganya sababu nakupenda.

— Uongo nilikusamehe siku ile ile, njiani. Lakini nilisimama peke yangu, Hidaya, na ulikuwa hatua tatu tu toka kwangu.

Iliasi alimsikia akilia.

— Hunipendi tena?

— Nakupenda sana.

— Basi rudi, sheri, mupenzi yangu.

— Siwezi. Kila shida ikitupata nitakuwa naangalia kinywa yako, nangoja.

Hakuna aliyekata simu. Walisikilizana pumzi mpaka salio la Hidaya likaisha, na Iliasi hakumpigia.