Sabuni Aenda Kuvua Kambare

Fundi cherehani mmoja alipenda usafi kupita kiasi. Alinawa kabla ya kushika kitambaa. Alinawa tena baada ya kukiweka. Majirani wakambandika jina: Sabuni. Naye hakununa, aliitika.

Lakini sasa Sabuni alikuwa na wasiwasi. Mama mkwe wake alikuwa ametoka kuugua, naye alikuwa amelala tu chumbani, nyumbani kwa Sabuni. Kila chakula alikisukuma pembeni. Alitaka mchuzi wa kambare, basi. Sabuni akajipiga kifua: "Mama, kambare utamla. Mimi nipo!"

Ahadi ni deni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mto umeanza kujaa. Sabuni alikwenda kuvua mara ya kwanza, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, yale yale. Mama mkwe akazidi kukonda.

Asubuhi moja Sabuni alikuwa uani na beseni la povu. Jirani yake, mwanamke anayeshona nyavu, akachungulia.

"Shemeji, unafua nini?"

"Sifui. Naosha chambo. Huu utumbo wa kuku unanuka!"

Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Maskini wee! Kambare unampelekea sabuni? Amekukosea nini?"

"Sasa nifanyeje?"

"Sikiliza. Maji ya mto ni tope tupu. Kambare haoni mbali. Anatafuta chakula kwa harufu na kwa zile sharubu zake. Ukiondoa harufu, umemficha chakula. Na ndoano unaitupa wapi?"

"Katikati, kwenye kina."

"Hapo ni pa kiangazi. Mvua zikianza, maji hupanda kwenye majani ya ukingoni. Wadudu na minyoo wako huko. Kambare naye hufuata tumbo lake."

Wakaenda mtoni, Sabuni, mkewe na jirani. Sabuni akashika utumbo usiooshwa huku amekunja uso. Mkewe akamtania, "Baba watoto, hujafa bado?" Sabuni akautupa karibu na majani. Wakatulia.

Ghafla mshipi ukakaza!

"Amekula! Amekula!" Sabuni alipiga kelele, akavuta, akateleza, akakaa kwenye tope na suruali yake iliyopigwa pasi. Hakujali hata kidogo. Kambare mkubwa akatua kwenye nyasi.

"Usimshike ovyo," jirani akaonya. "Ana miba kwenye mapezi ya ubavuni. Inachoma kuliko sindano zako." Kisha akamgusa samaki tumboni. "Shemeji, huyu ni jike. Amejaa mayai. Wakati huu wanapanda kutaga. Ukimla huyu, umekula na watoto wake wote. Mwakani tutavua nini?"

"Jirani, una roho ngumu! Mama kule hali kitu!" Sabuni akalalamika.

Akamwangalia mkewe. Mkewe akaelekeza kidole mtoni. "Mrudishe," akasema. "Mama mwenyewe angekwambia hivyo."

Iliuma kwelikweli. Lakini Sabuni akamtoa ndoano polepole, akamrudisha majini. Akatia chambo kingine. Safari hii hakukunja uso.

Wakangoja mpaka jua likawa kali. Mshipi ukakaza tena. Lo! Dume refu, tumbo jembamba. Sabuni akarukaruka kama mtoto. Mkewe akapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya mto wakaitikia.

Nyumbani, mchuzi ukachemka. Sabuni akaanza kunawa tope.

"Hapo sasa sawa," jirani akasema. "Sabuni ni ya kabla ya kula, si ya kabla ya kuvua."

Kabla hawajapakua, mlango wa chumbani ukalia. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kizingiti.

"Mama! Nani amekuamsha?" mkewe akauliza.

"Harufu," mama mkwe akajibu. "Mkwe wangu yuko wapi? Anipe bakuli kubwa."