Kuku wa Baba Ntumba

Sharifa alimrushia baba yake fungu jingine la majani. Sumaili, akiwa juu ya paa, alilidaka, akalifunga kwa kamba, kisha akatazama tena njiani. Jirani yao Kankolongo, baba yake Ntumba, aliyeahidi kuja kusaidia, hakuonekana. Upande mmoja wa paa ulikuwa bado wazi, na ndani mama alikuwa amelala na mtoto mchanga. Juu ya Lualaba mawingu yalizidi kuwa meusi.

“Baba Ntumba hachelewi hivi,” alisema Sumaili.

Sharifa alisikia harufu ya kuku wa kupikwa ikitoka kwa kina Ntumba. Familia ile ilikuwa ya kanisani, lakini siku za kazi ya pamoja ilikuwa ikimleta kuku kwa Sumaili amchinje, ili Waislamu nao wale. Leo walikuwa wamemchinja wenyewe.

“Baba, kosa ni langu,” alisema mwishowe. “Jana mtoni nilimwambia Ntumba kwamba Kalonji hatapata kura hata moja kwetu, kwa sababu ni mtu wa kanisani.”

“Naye alisemaje?”

“Alisema, basi Bulaimu wenu aje awaezekee paa!”

Kalonji na Bulaimu wa msikitini wote walikuwa wa Chama kimoja, na kila mmoja alitaka kuchaguliwa kuwa mjumbe.

Sumaili alishuka polepole. “Maneno hayo uliyasikia kwangu,” alisema. “Twende.”

Kankolongo alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinuka.

“Baba Ntumba, mtoto alirudia maneno yangu. Unisamehe.”

Kankolongo alijikuna kichwa. “Mimi pia nilimkataa Bulaimu hivyo hivyo. Kalonji tunaimba naye kanisani, lakini sijamuuliza kitu.”

“Hata mimi Bulaimu sijamuuliza. Na zahanati yetu haina dawa.”

Ntumba alitoka nyuma ya nyumba, amekumbatia kuku aliye hai. “Huyu njo kuku wenu,” alimwambia Sharifa. “Yule mwingine tulimpika na hasira.”

“Hata chumvi haikumkolea,” alisema Kankolongo, akachukua ngazi.

Walirudi kwa Sumaili, wakafanya kazi upesi. Walikuwa wamefunika sehemu aliyolala mama tu, mvua ikaanza.

“Sharifa,” alisema Sumaili, wote wakiwa wamejibanza mlangoni, “mahali mtu anaposali ni jambo lake na Mungu. Anayetaka kura yetu tumuulize atafanya nini, hata kama tunasali naye safu moja. Kesho tutawaendea wote wawili.”

“Baada ya paa,” alisema Kankolongo.

Maji yalidondoka jikoni. Ntumba akaweka sufuria chini ya tundu.