Fundo la Kweli

Kila siku baada ya masomo, Pilipili alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, akaokota pini zilizoanguka, kisha akapiga mbio hadi ukumbi wa mtaa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hasira, na lilimkaa vizuri kuliko sare ya shule.

Ukumbini, kikundi cha maigizo kilikuwa kikifanya mazoezi ya mchezo wa wodi ya wagonjwa wa akili. Mwongozaji wao alikuwa nesi mstaafu aliyefanya kazi katika wodi kama hiyo tangu ujana wake. Watoto walimwita Bi Nesi. Mchezo wenyewe ulikuwa mkali: wagonjwa waliburutwa sakafuni, walichapwa makofi, walifungwa vitandani. Lakini Bi Nesi aliwafundisha kupiga bila kupiga. Kofi lilipita hewani, na mlio aliutoa mpigwaji mwenyewe kwa kugonganisha viganja. Kitambaa cha kufungia mikono kilifungwa fundo la kitanzi, na mgonjwa akaishika ncha yake ndani ya ngumi. Akiivuta tu, yuko huru.

"Jukwaani, anayepigwa ndiye mwenye usukani," alisema Bi Nesi. "Asipokuwa tayari yeye, hapigwi mtu."

Pilipili alitamani sana kuwa mgonjwa mkuu. Nafasi hiyo akapewa rafiki yake Kengele, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Pilipili akapewa koti jeupe la mhudumu, yeye na kijana mmoja mrefu aliyeitwa Mnara. Hilo angelimeza. Ila katika zoezi la mwisho, Kengele alipokuwa akijitupatupa, kiwiko chake kilimpata Pilipili mdomoni. Damu ikatoka. Wote wakaangua kicheko, na Kengele naye akacheka.

"Pole, Pili. Sasa una mdomo wa bata!"

Pilipili alijifuta damu kwa mkono wa koti. Aliliweka moyoni.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Mama yake Pilipili alikaa mstari wa mbele, mkasi ukining'inia shingoni, maana mama yule hata harusini hakuuvua.

Ikafika zamu ya kumfunga mgonjwa. Mnara alishika miguu. Pilipili alikamata mikono ya Kengele, akaivuta juu hadi kwenye chuma cha kitanda, akafunga fundo la kweli, akaongeza la pili, akakaza. Kisha akamzaba kofi ambalo halikupita hewani.

Kengele alitoa macho. "Naumia! Nifungueni, naumia!"

Ukumbi ukashangilia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake katika mchezo, na hakuwahi kuyasema vizuri namna ile. Pilipili akampiga tena, na tena, na aibu iliyoje, alisikia raha. Kengele akajipindua kwa nguvu zote. Kitanda kikayumba, kikapinduka naye. Mikono ikabaki juu kwenye chuma, mwili ukaenda chini. Bega lake likalia ko! Watu wakasimama kupiga makofi.

"Pili, basi," alisema Kengele kwa sauti ndogo. "Basi, dada yangu."

Maneno hayo hayakuwamo katika mchezo. Raha yote ilimtoka Pilipili, akaingiwa na hofu.

"Acheni!" alipiga kelele. "Ameumia kweli!"

Watu walicheka. "Mhudumu naye kapata wazimu!" mtu alisema kutoka nyuma. Mnara aliendelea kuibana miguu kama alivyofundishwa. Pilipili alilivuta fundo kwa kucha na kwa meno, lakini lilikuwa limekaza mno. Akaruka chini ya jukwaa, akaushika mkono wa mama yake.

"Mama, njoo na mkasi! Njoo ukate!"

Mama alimtazama usoni, hakuuliza. Alipanda jukwaani na kukata kitambaa. Mkono wa Kengele ukaanguka ukining'inia, na hapo kicheko kikafa ukumbi mzima.

Baba yake Kengele alipanda kwa hatua mbili, akamkaba Mnara shingoni na kumbamiza ukutani. "Ni wewe, lijitu lenye nguvu! Umemvunja mwanangu!"

Mnara hakuweza hata kupumua. Pilipili aliona kwamba akinyamaza, mambo yataishia kwa Mnara.

"Ni mimi, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyefunga fundo la kweli. Nilikuwa nalipiza."

Yule baba akamwachia Mnara na kumwinulia Pilipili mkono. Bi Nesi akaudaka.

"Leo wamepigwa watu wa kutosha," alisema.

Kwenye zahanati, daktari alilirudisha bega mahali pake. Pilipili alikaa nje kwenye benchi, akasikia kila yowe, akalia. Bi Nesi alikuja kuketi kando yake.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mwanangu. Hasira yako umeiona ilikotufikisha. Lakini nakuachia na jingine. Kule wodini walikuwapo wagonjwa walioumizwa kweli. Wakisema, watu walijibu kwamba ni wazimu unaosema. Leo Kengele alisema kweli akashangiliwa. Wewe ukasema kweli, ukachekwa."

"Nilidhani hakuna atakayenisikia kamwe, bibi."

"Basi usisahau. Aliyefungwa akisema anaumia, mfungue kwanza. Maswali yatafuata."

Bega lilipopona, onyesho lilirudiwa. Pilipili aliomba apewe kazi ya kufungua pazia tu. Kengele akakataa.

"Atanifunga yeye yule," alisema.

Mbele ya ukumbi uliojaa, Pilipili alifunga kitanzi, akaiweka ncha ndani ya ngumi ya rafiki yake. Kengele aliivuta. Fundo likafunguka lote. Walitazamana.

"Haya," alinong'ona Kengele, akairudisha mikono yake juu. "Nifunge sasa."