Shehena ya Marehemu Titu

"Marin, amka," mkewe aliita. "Kazi haitakufuata kitandani."

Marin Dobre alikuwa macho kitambo. Kwa miaka sita alichuma nyanya huko Italia. Mkewe, Smaranda, alimwona kwenye simu tu. Binti yao alijifunza kutembea baba akiwa mbali. Sasa Marin amepata kazi nyumbani, kuendesha tipa, lori linalomwaga mzigo kwa kuinua bodi yake ya nyuma, kwenye machimbo ya kokoto ya Pietreni. Akiipoteza hii, anarudi kwenye nyanya.

Mezani palikuwa na ugali wa mahindi, jibini na maziwa ya mgando.

"Mbona umevaa shati la kanisani?" Smaranda aliuliza.

"Leo ni siku ya kwanza."

"Haya. Kokoto zitakuona umependeza."

Nje ukungu ulikuwa mzito. Jirani yao Fane alikuwa anangoja langoni, sigara mdomoni. Fane ameendesha tipa miaka tisa. Wakaenda pamoja kwa miguu.

"Umebeba mshumaa?" Fane aliuliza.

"Mshumaa wa nini?"

Fane akasimama. "We Marin! Hujaambiwa? Shehena ya kwanza ya dereva mpya haiendi barabarani. Ni ya Titu."

Kila mtu Pietreni alimjua Titu. Alikuwa dereva. Miaka kumi na moja iliyopita alikutwa amekufa kando ya tipa lake, kwenye kona ya chini. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Ni viatu vyake tu vilivyokuwa vimetoboka soli. Wenzake wakasimika msalaba palepale. Tangu hapo, kila dereva mpya humwaga shehena yake ya kwanza mbele ya msalaba ule, kwa ajili ya roho ya marehemu, kama wengine wanavyogawa mkate na divai.

"Na nisipomwaga?"

"Siku za ukungu Titu huvuma," Fane alisema kwa sauti ya chini. "Utamsikia mwenyewe. Kama mtu aliyefumba mdomo. Anauliza chake kiko wapi. Wewe washa mshumaa, mwaga, ondoka. Sote tulimwaga, na tuko hai."

Akampa mshumaa wake mmoja.

Msimamizi wa machimbo alimwonyesha Marin tipa lake. Lilikuwa jipya, lenye bodi ndefu kuliko yote. "Funga mkanda. Jaribu breki. Kagua mlango wa nyuma. Usiendeshe bodi ikiwa juu," alisema, akaenda kunywa kahawa. Kona ya chini hakuitaja. Kikazi, hakuna aliyetakiwa kwenda huko.

Tipa likajazwa kokoto. Kwenye kibanda cha mizani ya malori alikaa Safta, mjane wa Titu, kitambaa cheusi kichwani, akitafuna mbegu za alizeti.

"Wewe ni Marin wa Smaranda? Mama yako alikuwa na miguu ya kucheza ngoma, si kama hiyo yako. Haya, umetimiza uzito. Pinda kulia, ufuate barabara."

"Asante, shangazi," Marin alisema, kama wote walivyomwita.

Marin akapinda kushoto.

Njia ya chini ilikuwa nyembamba. Taa za tipa ziligonga ukungu zikarudi. Hakuona hata hatua kumi mbele. Ghafla msalaba ukatokea, mweupe, na maua ya plastiki yaliyochakaa. Akazima redio.

Hapo akasikia.

Mmmmmmm.

Ulikuwa mvumo mzito, usiovuta pumzi. Ulitoka mbele, ukatoka nyuma, ukatoka juu ya kichwa chake. Marin akajipiga ishara ya msalaba. Akashuka, akauwasha mshumaa chini ya msalaba. Aliposhika tena kishikio cha mlango ili apande, kitu kikamfinya vidole. Akatazama mkono. Vinyweleo vyote vilikuwa vimesimama, kama vinavutwa na mtu.

"Mzee Titu," alinong'ona, "nakupa chako. Niache nifanye kazi."

Akapanda. Akageuza tipa, nyuma yake kwenye msalaba. Akavuta mkono wa kuinulia bodi. Bodi ikaanza kupanda taratibu ndani ya weupe ule. Mvumo ukawa kama umekaribia. Kitu juu kikaanza kutatarika, tata-tata-tata, kama mafuta kwenye kikaango.

Kwenye ukungu akatokea mwanamke aliyevaa nguo nyeusi.

Alisimama mbali, hatua thelathini hivi. Hakusogea. Alinyoosha mkono mmoja. Marin akashika mlango aruke, akimbie.

"Usishuke!" mwanamke alipaza sauti. "Marin! Ukitia mguu chini, umekufa! Shusha bodi kwanza!"

Ilikuwa sauti ya Safta.

"Shangazi, njoo unisaidie!"

"Siji hata hatua moja! Sioni vizuri kama imegusa au la. Shusha, polepole!"

Marin akarudisha mkono wa bodi. Bodi ikateremka, ikakaa. Kutatarika kukakoma.

"Sasa endesha, uje juu kwenye uwanja wa mizani. Usisimame hapo!"

Kule juu uwanjani, Marin alizima injini. Safta alifika akihema.

"Niliisikia injini yako inashuka kushoto," alisema. "Nikasema, haya, mwingine huyo anampelekea mume wangu kokoto. Tangu lini Titu alikula kokoto? Alipenda keki ya jibini, mjinga yule."

"Nimemsikia, shangazi. Anavuma."

"Huyo si Titu. Pale juu zinapita nyaya za umeme mkubwa. Zikiloa ukungu, huvuma."

"Na vidole vyangu? Kitu kimenifinya."

"Umeme huohuo. Huo si wa taa ya jikoni, mwanangu. Haungoji uuguse. Ukiukaribia, unaruka wenyewe."

"Lakini Fane alimwaga pale. Yuko hai."

"Fane alimwaga kiangazi, na tipa kuukuu lenye bodi fupi kama kaptula. Lako likisimama linafika mbinguni." Safta alitema ganda la mbegu. "Titu aliinua bodi pale, ikagusa. Watu wa umeme walinieleza. Ndani ya kebini alikuwa mzima. Kilichomuua ni kushuka. Mkono kwenye mlango, mguu ardhini. Umeme ukapita katikati yake."

Marin aliutazama mkono wake uliokuwa umeshika mlango.

"Ingegusa, ningefanya nini?"

"Ungekaa ndani. Bodi ikikubali kushuka, ishushe, usogee mbali. Ikikataa, piga simu umeme ukatwe, na umfukuze kila anayekukaribia. Utoke tu gari likiwaka moto. Ukitoka, ruka, miguu pamoja, usishike gari. Kisha uende kwa vijiruko, miguu pamoja, kama shomoro. Watu watacheka. Waache wacheke, wewe utakuwa hai."

"Mbona hukuwaambia wengine?"

"Nimewaambia miaka kumi na moja! Wanasema majonzi yamenichanganya. Mzimu wanauamini. Waya hawauamini."

Marin aliogopa tena, safari hii kwa sababu nyingine. Akimweleza msimamizi alikopeleka shehena, labda atafukuzwa. Asipomweleza, dereva anayefuata atakufa. Akamwona mtu huyo akilini, akiwa na mshumaa wake.

Wakaenda pamoja. Msimamizi alisikiliza, kikombe mkononi. Akakiweka mezani.

"Hata mimi nilimwaga pale," alisema mwishowe. "Nilikuwa na umri kama wako."

Jumamosi hiyo watu wa umeme walikuja kupima. Wakawaonyesha mahali pa kusimika nguzo mbilimbili, kila upande wa nyaya na mbali nazo. Kati ya nguzo ikafungwa kamba yenye makopo, bodi ikiwa juu iyagonge kabla ya kuzifikia nyaya. Pakatengwa uwanja wa kumwagia, ardhi yake imelala sawa ili tipa lisipinduke, na juu hakuna kitu ila anga. Msalaba ukahamishiwa karibu na mizani. Dereva mpya akija, hugawa mkate na keki ya jibini. Divai hunywewa baada ya kazi. Na kabla ya kuinua bodi, kila dereva hushuka, hutazama ardhi, kisha hutazama juu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo alikuja dereva mpya, Lenuta, mwanamke mcheshi wa kijiji cha pili. Siku yake ya nne ukungu ulirudi. Alimwaga kokoto, akasahau kushusha bodi, akapotea njia.

Makopo yalilia machimbo mazima.

Marin alikimbia. Akasimama mbali. Tipa lilikuwa limesimama chini ya kamba, bodi juu. Mbele yake ukungu ulikuwa unavuma.

"Lenuta! Usishuke! Shusha bodi!"

Bodi ikashuka. Lenuta akarudi nyuma taratibu hadi uwanjani, akafungua kioo. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Kaka Marin, nani yuko kule mbele? Kuna mwanamume aliniambia nisimame."

"Ni makopo hayo."

"Makopo yalilia baadaye. Nilikuwa nimeshakanyaga breki."

Marin aliitazama kamba. Bado ilikuwa inacheza. Hakubishana naye.

"Kama kuna aliyekuita, mshukuru," alisema. "Lakini kamba tuliifunga sisi. Njoo, nikuonyeshe namna ya kutazama juu."